Kompyuta inazima kila nikianza kurenda harusi za watu

Fundi, shikamoo.

Nina miaka 26, niko Mbagala, napiga na kuhariri video za harusi, sendofu na kicheni pati. Mwaka jana nilichoshwa na laptop inayokwama, nikajifunza YouTube jinsi ya kuunganisha kompyuta ya mezani, nikawa nanunua kifaa kimoja kimoja Kariakoo. Prosesa ni Ryzen 5 3600 ya mtumba, mazabodi ni B450, RAM GB 16, SSD ya kuwekea Windows na diski kubwa ya kuhifadhia kazi. Pawa saplai, lile boksi la kugawa umeme kwa vifaa, ilikuja ndani ya kasha, imeandikwa 500W. Kadi ya grafiki ilikuwa GTX 750 Ti niliyopewa na rafiki. Ilifanya kazi miezi kadhaa bila tatizo, ila kurenda kulikuwa kwa kusuasua.

Mwezi wa kwanza nikapata kadi ya RX 580 ya GB 8, nayo ya mtumba, kwa bei nzuri. Pawa saplai yangu haikuwa na plagi ya pini 8 ya kadi, kwa hiyo muuzaji akanipa kiunganishi kinachochukua umeme kwenye plagi mbili nyeupe za pini nne, zile za diski za zamani. Tangu hapo ni mateso. Nikiandika, nikiperuzi mtandaoni, nikipanga klipu, hakuna shida hata siku nzima. Nikianza kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, au mdogo wangu akifungua gemu la mpira, dakika chache tu, ghafla kimya. Haitoi skrini ya bluu, haijiwashi tena. Nikibonyeza kitufe haiitikii kabisa mpaka nichomoe waya ukutani, nisubiri kidogo, nirudishe.

Fundi wa kwanza alisema Windows imechoka, akanionyesha kwenye kumbukumbu zake kosa linaloitwa Kernel-Power 41, akapiga Windows upya. Haikusaidia. Wa pili akasema RAM, nikanunua GB 16 nyingine. Wa tatu anasema mazabodi imekufa, na anayo moja ya kuniuzia. Mimi mwenyewe nahisi joto, maana Dar ya miezi hii unaijua. Nimefungua ubavu wa kasha nikaelekezea feni ya mezani, bado. Programu inaonyesha prosesa nyuzi 82 na kadi nyuzi 78 kabla haijazima. Nikadhani ni umeme wa mtaani, nikanunua UPS ya 650VA, bado. Kompyuta inazima, UPS na monita zinabaki zinawaka.

Jambo jingine, nikigusa kasha nikiwa pekupeku nasikia shoti ndogo. Labda ndiyo sababu?

Nina harusi mbili za watu mkononi na mteja mmoja ananipigia simu kila asubuhi. Mama anasema niuze kila kitu nirudi kwenye laptop. Nimekutumia picha za ndani ya kasha na ya lebo ya pawa saplai. Nisaidie.

Mhariri wa Harusi, Mbagala

*

Marahaba, kijana wangu.

Usiuze kitu. Na yule fundi wa tatu mwambie mazabodi yake akae nayo.

Barua nyingi za kompyuta zinazoletwa kwangu husema "inazima" basi, mtu anaacha hapo kama vile nitapiga ramli. Wewe umeandika mambo ambayo mafundi wote watatu walitakiwa kukuuliza kabla ya kushika bisibisi: inazima ikibebeshwa mzigo tu, inakatika papo hapo bila skrini ya bluu, na haiamki mpaka uchomoe waya ukutani. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nisitafute mbali. Ndani ya pawa saplai kuna sakiti za ulinzi. Mzigo ukizidi, au volti ikiporomoka chini ya kiwango, inajikata na kujifunga. Ikishajifunga hivyo, kitufe cha mbele hakiwezi kuifungua. Mpaka umeme wa ukutani ukatwe na chaji iliyobaki ndani iishe, ndipo inakubali kuanza upya. Kompyuta iliyozimwa na joto la prosesa kwa kawaida haina ukaidi huo. Ukibonyeza inawaka, hata kama itazima tena baada ya muda mfupi.

Sasa tuje kwenye lebo. Nimeikuza picha yako. Juu kuna 500W kwa maandishi makubwa mekundu. Chini yake kuna jedwali dogo ambalo dukani hakuna anayelisoma, na pale kwenye +12V pameandikwa 18A. Zidisha: volti 12 mara ampea 18 ni wati 216. Hiyo ndiyo pawa saplai uliyonunua, tena kwa maneno ya kiwanda chenyewe. Prosesa na kadi ya grafiki, walaji wakubwa kuliko wote humo ndani, wote wanakula kwenye laini ya volti 12. Sehemu ya wati zilizobaki imetoka kwenye laini za volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta za leo hazizitumii kwa wingi. Sehemu nyingine imetoka kichwani mwa aliyechora lebo.

Tuangalie matumizi. RX 580 ilipotoka mwaka 2017, watengenezaji wake, AMD, wenyewe waliiandikia wati 185. Ryzen 5 3600 imeandikwa 65, lakini ikikamuliwa inaruhusiwa kuvuta mpaka 88 au karibu na hapo. Tayari hiyo ni 273, na bado hujagusa diski, feni, RAM na mazabodi yenyewe. Weka 40 nyingine. Isitoshe, kadi ya grafiki haivuti umeme kwa utulivu. Inaruka juu ya wastani wake kwa vipande vidogo sana vya sekunde, na sakiti ya ulinzi inaviona hata kama wewe huvioni. Kwa hiyo unaidai pawa saplai ya wati 216 itoe 300 na zaidi, ndani ya chumba cha joto. 750 Ti uliyokuwa nayo ilikuwa kadi ya wati 60, yote ikiyapata kwenye nafasi yake ya mazabodi bila waya wa ziada. Jumla yake ilikuwa chini kidogo ya 200, ndiyo maana mliishi kwa amani.

Kilichonishtua zaidi lakini ni picha ya pili. Kwenye kile kiunganishi ulichopewa na muuzaji, plagi moja nyeupe imegeuka kahawia pale waya wa njano unapoingia, na plastiki imeanza kubonyea. Hapo pameungua. Plagi ya pini 8 ya kadi imekusudiwa kubeba wati 150. Zile plagi za pini nne zilitengenezwa kwa ajili ya diski na feni, na zile pini zake za duara zikilegea kidogo tu zinapata joto, joto linazilegeza zaidi, na kuendelea. Ondoa kiunganishi hicho leo, usisubiri mpaka umenunua kingine. Wewe unaacha mashine ikirenda usiku huku umelala.

Kwa mtu mwingine ningesema ajaribu kipimo ambacho hakina gharama: afungue programu ya AMD, aende kwenye mpangilio wa nguvu za kadi, ashushe kikomo cha umeme mpaka mwisho, halafu arende. Kazi inakwenda polepole, lakini kama kuzima kumekoma, mshitakiwa ni pawa saplai. Kwako sikushauri, kwa sababu ya hiyo plagi iliyoungua.

Fanya hivi. Rudisha 750 Ti, umalizie harusi zilizopo. Toa video kwa 1080p maana kadi hiyo kwenye 4K itakugomea, na anza kurenda jioni ili asubuhi mteja akipiga uwe na jibu. Kabla ya hapo nakili mradi wote kwenye diski ya nje. Kompyuta inayokatika ghafla wakati diski inaandika inaweza kuharibu faili, na harusi hairudiwi.

Halafu usinunue chochote kwanza. Tafuta rafiki mwenye kompyuta ya gemu akuazime pawa saplai yake jioni moja. Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu chaji iliyobaki iishe, kisha badilisha. Kama ni ile ambayo nyaya zake huchomoka kwenye boksi lenyewe, azima na nyaya zake, usichanganye na za nyingine hata kama zinaingia vizuri. Upande wa boksi kila mtengenezaji hupanga pini atakavyo, na watu wamechoma diski zao kwa hilo. Angalia pia plagi ya pini 8 ya prosesa, ile ya juu kushoto mwa mazabodi, isikuchanganye na ya kadi. Zinafanana kwa mbali, lakini mpangilio wa volti na negativu umegeuzwa. Plagi ikikataa kuingia, inakataa kwa sababu, usisukume.

Ikirenda harusi nzima na RX 580 bila kuzima, umepata jibu kwa kuazima tu. Ikizima hata kwenye pawa saplai nzuri, basi geukia kadi yenyewe. RX 580 nyingi za mtumba zilitumika kuchimba sarafu za mtandaoni. Sarafu ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa namna hiyo Septemba 2022, kadi hizo zilimwagwa sokoni dunia nzima. Siyo kwamba zote ni mbovu, lakini nyingine zimechoka feni, pesti ya kupitisha joto imekauka, na nyingine zimebadilishiwa programu ya ndani ili zichimbe vizuri. Kama ndiyo hiyo, hapo una haki ya kurudi kwa aliyekuuzia.

Mimi naamini hutafika huko.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji ageuze boksi, na wewe usome mstari wa +12V kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Pawa saplai ya wati 550 ya kweli hubeba ampea 40 na ushee kwenye laini hiyo. Kwa vifaa vyako inatosha na unabakiwa na nafasi. Iwe na plagi ya kadi ya pini 6+2, ndiyo ile ya pini 8, inayotoka kwenye boksi lenyewe, siyo kiunganishi. Ishike mkononi, maana zile za bure zinazokuja ndani ya makasha mara nyingi ni nyepesi ajabu. Humo ndani shaba ni kidogo na vipoza joto ni vyembamba. Nembo ya 80 Plus ni nzuri kuwa nayo, ila inazungumzia ufanisi tu, yaani umeme kiasi gani unapotea kuwa joto. Haikuhakikishii kwamba sakiti za ulinzi ni bora, na stika mtu yeyote anaweza kuichapa. Utaambiwa pia kuna za kompyuta za ofisini zilizotoka Ulaya, Dell na HP, imara na za bei poa. Kweli ni imara, lakini nyingi plagi zake si za kawaida na hazitaingia kwenye mazabodi yako. Na asikushawishi mtu kwamba ataifungua hii uliyonayo aibadilishe kapasita. Kapasita kubwa za ndani hukaa na zaidi ya volti 300, na hubaki nazo kwa muda hata baada ya kuchomoa waya.

Nimeona pia nyuma ya boksi lako kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Mwambie mdogo wako asiiguse kamwe. Kwa umeme wetu wa volti 230, ikiwekwa 115 itapasuka kwa kishindo.

Kuhusu waliokutangulia kukushauri. Kernel-Power 41 si ugonjwa. Ni Windows ikiandika, baada ya kuwaka tena, kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Mtu aliyezimia akizinduka, ukimuuliza nini kimemwangusha, atakuambia nimeanguka. Zaidi ya hapo hajui. Kupiga Windows upya kwa sababu ya namba hiyo ni kumpa dawa ya minyoo. RAM mbovu huleta skrini za bluu, kuganda, faili kuharibika, kompyuta kujiwasha upya. Haiifungi pawa saplai mpaka uchomoe waya.

Joto nalikubali nusu. Prosesa yako kikomo chake ni nyuzi 95, na ikikaribia hapo hupunguza kasi yenyewe kwanza kabla ya kufikiria kuzima. 82 ni joto la kazi, na 78 kwa RX 580 ni la kawaida kabisa. Lakini pawa saplai nayo hulemewa na joto. Nyingi za bei rahisi namba zake hupatikana kwenye nyuzi 25, na chumba cha bati Mbagala mwezi wa pili hakijui nyuzi 25 ni nini. Kwa hiyo joto linazidisha, ila silo chanzo. Funga ubavu wa kasha, rudisha feni ya mezani ikupepee wewe, na mara mojamoja puliza vumbi.

UPS haikuwa pesa ya kutupa, ukikatika umeme utaishukuru. Ila fahamu kwamba 650VA si wati 650. Nyingi za ukubwa huo hubeba wati kati ya 360 na 390. Chomeka kompyuta na monita tu, printa iende kwenye soketi nyingine. Na ulichokiona mwenyewe, kwamba monita inabaki inawaka wakati kompyuta imezima, kilitosha kuwaambia wote kwamba umeme unaoingia kwenye kompyuta haukukatika.

Wasomaji wengine msikimbilie kununua pawa saplai kwa sababu ya barua hii. Kama yako inazima sekunde chache tu baada ya kuwaka, angalia kipoza joto cha prosesa kwanza. Kwenye vile vya Intel vinavyokuja na prosesa kuna miguu minne ya plastiki ya kubonyeza, na mmoja ukiwa haujakaa, kipoza joto kinainama upande. Geuza mazabodi, uone kwa nyuma kama ncha zote nne zimetokeza. Na kuna wanaosahau kubandua karatasi ya plastiki iliyo chini ya kipoza joto kipya. Inatokea kuliko mnavyodhani. Angalia pia vijiguu vya shaba vinavyoshikilia mazabodi kwenye kasha: kimoja kikibaki mahali pasipo na tundu la skrubu, kinagusa sakiti kwa nyuma na kupiga shoti. Kama inazima ovyo, hata ikiwa haifanyi kitu, shuku kitufe cha kuwashia. Kitufe kilichonasa ni sawa na kukishikilia sekunde nne, na hiyo ni amri ya kuzima. Iwashe, kisha chomoa ule waya mdogo wa kitufe kwenye mazabodi, uone kama itadumu. Wenye skrini ya bluu, andikeni namba iliyoandikwa pale kabla ya kuniletea.

Tumalizie shoti ya pekupeku. Haihusiani na kuzima, lakini usiipuuze. Chujio la umeme mlangoni mwa pawa saplai hupeleka mkondo mdogo kwenye chuma cha kasha, na mkondo huo ulitakiwa uondoke kupitia waya wa ethi. Soketi yako haina ethi, au ekstensheni yako ina matundu matatu na nyaya mbili, zipo tele sokoni. Pawa saplai mpya haitaiondoa shoti hiyo. Mwite fundi umeme apime ethi ya nyumba, na mpaka afanye hivyo vaa ndala ukiwa kazini na usichomeke nyaya za monita au kamera kompyuta ikiwa imewashwa.

RAM uliyouziwa bila sababu, jaribu kuirudisha kama risiti unayo. Wasipoipokea, iache humo humo, Resolve haijawahi kukataa RAM. Usiku mmoja tu endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, mpaka imalize, kwa sababu umechanganya za seti mbili na zinaweza zisielewane. Ikionyesha kosa hata moja, toa seti moja upime iliyobaki peke yake.